MWENYE KUUGUZA NAYE ANA HAKI JUU YETU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walilisema neno hili kwa kukejeli, lakini watu wetu wa leo wamelifanya kuwa ndio mwendo wao. Mtu akibeba mzigo mzito mbele ya macho yao, humtazama, humsifu kwa subira yake, humuombea dua, kisha kila mmoja akashika njia yake. Na katika mizigo inayodhaniwa kuwa ni usufi hali ni jiwe, mmoja ni huu tunaotaka kuuzungumza leo: mzigo wa wale wenye kuuguza wagonjwa wa mafigo wanaosafishwa damu kwa mashine.

Twajua ya kuwa habari ya ugonjwa huu ikitajwa, fikira za watu humwendea mgonjwa. Hilo ni jambo la haki, kwani mgonjwa ndiye mwenye kuumwa. Lakini nyuma ya kila mgonjwa yuko mtu mwengine: binti, mke, mama, au kijana wa kiume aliyeacha kazi yake. Huyu jina lake halisomwi msikitini akaombewa dua, hapelekewi uji, wala hakuna amuulizaye ameamkaje. Mlango unapobishwa, yeye ndiye afunguaye, na mgeni humpita akaingia ndani kwa mgonjwa. Basi leo twataka tusimame kidogo naye hapo mlangoni.

UGONJWA WENYEWE NA KAZI YAKE

Mwenyezi Mungu amemuumbia binadamu mafigo mawili, kila moja kadiri ya ngumi, nayo huchuja damu usiku na mchana, yakatoa taka na maji yaliyozidi kwa njia ya mkojo. Maradhi yanayoyaharibu zaidi ni mawili yaliyoenea sana katika miji yetu, nayo ni sukari na presha. Mafigo yanapokufa, taka na maji hubaki mwilini. Mtu akavimba, akakosa pumzi, na asipopata msaada akafa.

Zamani aliyefikwa na hali hii hakuwa na la kungojea ila mauti. Kisha Mwenyezi Mungu akawafunulia watu elimu. Daktari Willem Kolff wa Uholanzi alitengeneza mashine ya kusafisha damu katika mwaka wa 1943, vita vikiwa vimepamba moto. Na katika mwaka wa 1960 Daktari Belding Scribner na wenzake, katika mji wa Seattle huko Marekani, walipata njia ya kuacha mipira mkononi mwa mgonjwa ili aweze kusafishwa mara kwa mara, miaka na miaka. Tokea hapo kifo cha mafigo hakikuwa tena ni kifo cha mtu mwenyewe. Hii ni neema, na mwenye kuikataa neema ya Mola wake ni mtu asiyeshukuru.

Lakini neema hii ina kazi yake. Mgonjwa hulazwa penye mashine aghalabu kwa muda wa saa nne kila mara. Mwendo uliozoeleka na madaktari ni mara tatu kwa wiki. Kwetu Kenya wengi wamezoea mara mbili, kwani ndizo zilizokuwa zikilipiwa na NHIF. Na hebu tupige hesabu. Mara mbili kwa wiki ni mara 104 kwa mwaka, na kwa saa nne kila mara, ni saa 416 juu ya mashine peke yake. Hatujatia safari, hatujatia kungoja zamu, hatujatia siku ambayo mashine imeharibika watu wakaambiwa warudi kesho. Wala hii si homa, kwamba mtu atauguza wiki mbili kisha apumzike. Haina mwisho isipokuwa mgonjwa apate figo la mtu mwengine, au afikwe na ajali yake.

Sasa mtazameni mwenye kuuguza. Huamka kabla ya alfajiri akapasha maji. Ikiwa mgonjwa ametiwa mpira shingoni, pahala pale hapafai kurowa, basi kumuosha ni kazi ya uangalifu kama kumuosha mtoto mchanga. Ikiwa ameunganishwa mishipa mkononi, mkono ule hautiwi mzigo, haupimwi presha, wala haulaliwi. Yuko anayevuka feri ya Likoni na mgonjwa wake amemuegemea begani, katikati ya watu wanaosukumana. Akifika hospitali hukaa juu ya benchi saa nne, akirudi hurudi na mtu asiyeweza kusimama, kwani mashine huwaacha wengi wao na udhaifu mkubwa, kizunguzungu na kukazwa na misuli.

Nyumbani nako kazi hazimngoji. Chakula cha mgonjwa hakiwi na chumvi kama cha wengine, basi hupikwa vyungu viwili. Maji anayokunywa hupimwa kwa kikombe, kwani kinachoingia hakitoki. Na katika joto letu la Kaskazi, kumnyima mzazi wako maji naye akuomba kwa macho, si jambo dogo. Daktari akisema damu imepungua, yeye ndiye atakayezunguka kutafuta watu wa kutoa damu. Na usiku, mgonjwa akikosa pumzi, yeye ndiye aamkaye.

Na juu ya hayo yote kuna jambo ambalo halisemwi. Mgonjwa huyu alikuwa ni mtu mwenye heshima zake, aliyezoea kuamrisha na kutiiwa. Leo huogeshwa na mwanawe. Haya ile humgeuka ikawa hasira, na hasira yake haimfikii daktari wala mgeni; humfikia yule aliye karibu. Basi mwenye kuuguza hufanya kazi na kutukanwa, naye hana pa kulisema hilo, kwani akilisema ataambiwa, "Huna radhi ya wazee wewe."

SHARIA YETU IMEMTAMBUA MTU HUYU

Enyi ndugu zetu, msidhani kwamba haya tunayoyasema ni maneno mapya tuliyoyaokota kwa wazungu. Dini yetu ilimtambua mwenye kuuguza kabla ya kuwako hospitali hizi.

Katika mwaka wa pili wa Hijra Waislamu walitoka kwenda Badri. Hapakuwa na siku iliyokuwa na haja ya watu kuliko siku ile, kwani Waislamu walikuwa kiasi cha watu mia tatu na kitu, na maadui wao walikuwa karibu na elfu. Pamoja na hayo, Mtume (S.A.W.) alimuacha Sayyidna Uthman bin Affan Madina amuuguze mkewe Ruqayya, binti wa Mtume mwenyewe, aliyekuwa mgonjwa sana. Na vita vilipokwisha, Mtume alimhesabia Uthman fungu lake la ngawira na thawabu zake kama mtu aliyehudhuria. Yazingatieni haya vizuri. Aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa alihesabiwa kuwa amesimama katika safu ya Badri! Tena aliyekaa pale alikuwa ni mwanamume, tajiri, mwenye cheo, na aliyekuwa akiuguzwa ni mkewe. Wako wapi basi wale wasemao ya kuwa kuuguza ni kazi ya wanawake?

Na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Abdallah bin Umar alipata habari siku ya Ijumaa, ya kuwa Said bin Zaid ni mgonjwa. Akapanda mnyama wake akamwendea, na jua limekwisha kupanda, na wakati wa sala umekaribia, akaiacha Ijumaa. Kwa ajili ya dalili kama hizi, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi wamehesabu kumuuguza mgonjwa asiyekuwa na mtu mwengine wa kumuangalia kuwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa. Basi ikiwa Mwenye sharia amemsamehe mtu huyu fardhi ya Ijumaa, sisi ni nani hata tusimsamehe arusi zetu na vikao vyetu, tukamnunia kwamba siku hizi haonekani?

NI KAZI YA NANI?

Hapa ndipo penye kosa kubwa. Katika nyumba nyingi, mgonjwa anapopatikana, hapakaliwi kikao cha kuulizana nani atafanya nini. Kazi humwangukia mtu mmoja, naye aghalabu ni binti asiyeolewa, au aliyeachwa, au mke wa mwana aliyewekwa nyumbani. Mwaka wa kwanza husemwa ya kuwa ni zamu yake. Mwaka wa pili husahauliwa kwamba ilikuwa ni zamu.

Sharia haisemi hivyo. Kuwatazama wazazi walio wahitaji ni wajibu wa watoto wao wenye uwezo, waume kwa wake. Wala hakuna aya wala hadithi iliyosema kwamba wajibu huo humuondokea mtoto wa kiume kwa kuwa ana dada. Ama mke, madhehebu yetu hayakumuwajibisha kisharia kazi za utumishi wa nyumba. Anayoyafanya kwa mumewe mgonjwa ni ihsani na mapenzi, na ihsani hulipwa kwa ihsani. Na mke wa mwana hana deni lolote la kuwauguza wakwe zake. Akifanya, ametenda wema mkubwa. Lakini asiyefanya hakudhulumu. Aliyedhulumu ni mwana mwenye wazazi, anayemtwika mkewe wajibu wake mwenyewe, kisha akaenda barazani kunywa kahawa na kusifiwa kwamba ni mtu mwenye kuwatazama wazee.

Na wako ndugu zetu walioko bara, na Uarabuni, na Ulaya. Hawa hupiga simu kila Ijumaa wakauliza, "Baba aendeleaje?" Twawaambia: ndugu zetu, kuuliza ni kuzuri, lakini kuuliza hakumvushi mtu feri. Na mbaya zaidi ni yule atoaye amri kutoka mbali: "Mbona hamkumpeleka hospitali ile? Mbona amekonda?" Asiyekesha hana haki ya kumhukumu aliyekesha. Yeye ana haki moja tu, nayo ni kutoa: atoe nauli, atoe ujira wa mtu wa kusaidia, na akija likizo achukue zamu yeye mwenyewe, usiku na mchana, dada yake apate kulala.

Huenda mtu akasema, "Mbona mwataka kumpunguzia huyu binti thawabu zake? Mwacheni ajichumie pepo." Jawabu yetu ni kwamba maneno haya ni hila ya mvivu. Ikiwa kweli kazi hii ina pepo ndani yake, mbona wewe huitaki? Na mkono mmoja haulei mwana, seuze mzee. Kisha jueni kwamba kumtazama mgonjwa asiyejiweza ni katika fardhi za kutoshelezana: wakiifanya wa kutosha, dhima huwaondokea wote, na mgonjwa akiachwa akaangamia, hupata dhambi wote walioweza wasifanye, jamaa kwanza, kisha majirani, kisha watu wa mtaa. Na mtu mmoja aliyechoka hata kuzimia si "wa kutosha".

SWALI TULILOULIZWA

Mwanamke mmoja katika wenye kuhudhuria darsa ametuletea swali, na kwa kuwa twaamini ya kuwa wako wengi wenye swali hilo vifuani mwao, twalijibu hapa bila ya kumtaja.

Asema kwamba amemuuguza babake kwa muda wa miaka minne. Usiku mmoja, baada ya kurudi hospitali, ulimpitia moyoni mwake wazo la kwamba lau Mwenyezi Mungu angalimchukua babake usiku ule, angalipumzika. Tokea siku hiyo hali vizuri wala halali, kila akisujudu ajiona kuwa ni muuaji, naye auliza kama amali zake zote zimepomoka.

Twamwambia: Binti yetu, la, hasha! Mtume (S.A.W.) ametubashiria ya kuwa Mwenyezi Mungu amewasamehe umati wake yale yanayozungumza katika nafsi zao, maadamu hawakuyatenda wala hawakuyatamka. Na kulitaja kwako wazo hilo kwa ajili ya kutaka fatwa si kulitamka kwa kulitaka, bali ni dalili ya imani, kwani muuaji haulizi. Wazo lile si sauti ya moyo wako. Ni sauti ya mwili uliokosa usingizi. Mwili una haki yake, nao usipopewa hulia kwa sauti mbaya. Salman Alfarisi alimzuia nduguye Abud-Dardai asijikalifishe kwa ibada ya usiku kucha na saumu ya kila siku, akamkumbusha kuwa Mola ana haki yake, na nafsi ina haki yake, na watu wa nyumbani wana haki yao, na kila mwenye haki apewe haki yake. Habari ilipomfikia Mtume, alimsadikisha Salman. Ikiwa Abud-Dardai alikatazwa kuiua nafsi yake kwa sala, basi nawe huamrishwi kuiua yako kwa kuuguza.

Ama dua, usimuombee babako mauti, wala yeye asijiombee. Mtume ametukataza kuyatamani mauti kwa sababu ya dhara lililotupata. Mwenye kuzidiwa na aombe apewe uhai maadamu uhai ni kheri kwake, na apewe mauti yakiwa ndiyo kheri. Katika dua hii hamna lawama, na ndani yake mna raha, kwani mwenye kuiomba amekabidhi jambo kwa mwenyewe.

Na kuna swali la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Ni hali gani ya jamaa ambao mali yao imekwisha kabisa, wameuza kiwanja, wameuza dhahabu, wakashindwa kumpeleka mgonjwa penye mashine, akafa? Je, wao ndio waliomuua? Twasema: Mwenyezi Mungu, katika mwisho wa Suratul Baqara, ametueleza ya kuwa haitwiki nafsi ila kadiri ya uwezo wake. Jamaa waliofanya juhudi yao yote hawana dhambi, nao hawafai kusengenywa. Lakini swali halijesha. Palikuwa na mali katika mtaa ule au hapakuwa nayo? Ikiwa ilikuwako, na wenye mali walijua, basi wao na waulizwe, kabla hawajaulizwa pahala ambapo jawabu haibadiliki.

MAMBO YANAYOZIDISHA MZIGO

La kwanza ni wageni wasiojua adabu ya kumzuru mgonjwa. Sunna ya ziara ni kukaa kidogo, kumuombea dua, na kumtia moyo. Watu wetu huja kumi kwa pamoja, wakakaa kuanzia alasiri hata isha, na mwenye kuuguza akawa hana budi kuwapikia chai. Wengine huleta kapu la ndizi na machungwa, tende na madafu, kwa nia njema kabisa, nao hawajui kwamba vitu hivi vina madini ya potasiamu, ambayo mafigo mabovu hayawezi kuyatoa, na yakizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Kisha mgonjwa akivitamani, mwenye kuuguza akimzuia, wageni humwambia, "Muache ale, maskini." Ewe ndugu, ikiwa wataka kuleta zawadi, muulize kwanza aliye jikoni. Au leta nauli.

La pili ni wale wasemao kwamba maradhi haya ni ya kutupiwa, wakamtaka mgonjwa aache mashine apelekwe kwa waganga akafukizwe, apungwe ngoma, anyweshwe mizizi. Kumuomba Mwenyezi Mungu na kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, nalo halizuii hospitali. Mtume ametuamrisha tujitibu. Lakini mizizi isiyojulikana mara nyingi humaliza hata yale mabaki ya figo yaliyosalia, na kuacha mashine kwa siku chache tu kwatosha kumuua mtu. Tena mgonjwa akizidiwa, mganga haonekani. Anayebaki na mzigo, na lawama, ni yule yule.

La tatu ni israfu. Hili tumelisema na tutazidi kulisema. Mgonjwa huishi miaka mitatu akikopa nauli. Siku ya kufa kwake hutokea jamaa wasiojulikana walikuwa wapi, wakachinja ng'ombe, wakapika pilau ya siku tatu, na mali hutoka kama maji. Wallahi, lau nusu ya pilau ile ingaliliwa kwa nauli ya gari alipokuwa hai, dada yake asingalivuka feri akimbeba. Maiti hahitaji pilau, na wafiwa ndio wanaopasa kupikiwa, kama Mtume alivyowaamrisha watu wawapikie jamaa wa Jaafar.

YATUPASAYO KUTENDA

Kwanza, kila nyumba yenye mgonjwa na ikae kikao, waandike katika daftari: siku hii ni ya fulani kwenda hospitali, usiku huu ni wa fulani kukesha, na fulani aliye mbali atatoa kitu fulani kila mwezi. Na mwenye kuuguza apewe siku yake kamili katika wiki, si kwa hisani bali kwa haki, alale, atembee, ahudhurie darsa. Na binti aliye chuoni asitolewe masomoni maadamu kuna mtu mzima mwenye nafasi.

Pili, watu wajiandikishe katika bima ya serikali. Tokea Oktoba 2024, SHA imechukua pahala pa NHIF, na mchango wa chini kwa asiyekuwa na mshahara uliwekwa kuwa shilingi 300 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Wako wanaongoja mpaka mafigo yafe ndipo waulize namna ya kujiandikisha. Lakini jueni kwamba bima hulipia mashine. Hailipi nauli, wala chungu cha pili, wala ujira wa siku uliopotea. Hapo ndipo pa sisi kuingia.

Tatu, maimamu na kamati za misikiti waandike idadi ya wagonjwa hawa katika mitaa yao. Mtaa wenye magari ishirini haukosi wanne wa kutoa gari lao asubuhi moja katika wiki. Na zaka ina mafungu manane yaliyotajwa katika Suratut Tawba, na mafakiri na maskini na wenye madeni ni katika hao. Jamaa waliofilisika kwa ugonjwa huu huenda wakawa ni hao watatu kwa pamoja. Wazee wetu wa pwani hii waliacha wakfu za misikiti, na visima, na nyumba, na mashamba. Kwa nini matajiri wetu wa leo wasiweke wakfu nyumba moja karibu na hospitali, wapate pa kulala wale wanaotoka mbali na wagonjwa wao?

Nne, wagonjwa nao wana wajibu. Ewe ndugu yetu mgonjwa, Mwenyezi Mungu akuafu. Usimtupie hasira zako yule aliyekuosha. Shika mpaka wa maji uliowekewa, kwani ukiupita, usiku ni yeye atakayekushika ukitafuta pumzi. Na mwambie neno moja jema kila siku. Mwenye kuuguza huishi kwa neno hilo kuliko unavyodhani. Ramadhani ikifika, na daktari akakukataza kufunga, usishindane naye ukamtia jamaa yako hofuni. Mwenyezi Mungu aliyefaradhisha saumu ndiye aliyemruhusu mgonjwa kula, na asiyetarajia kupona hutoa fidia, kibaba cha chakula kwa kila siku. Na sala isikupite kwa ajili ya mashine: sali kama unavyoweza, hata kwa ishara. Imamu Nawawi, ambaye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu, ameona kuwa kauli ya kumruhusu mgonjwa kujumuisha sala mbili ina nguvu.

Tano, kuna habari ya kutoa figo. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jedda, katika mwaka wa 1988, lilipitisha kwamba yajuzu aliye hai kumpa mwenzake kiungo ambacho uhai wake hausimami kwacho peke yake, kwa hiari yake na bila ya kuuza. Basi mwenye kutoa amefanya jambo kubwa. Lakini hiari ni hiari. Pasiwe na kikao cha jamaa kumzunguka yule yule binti aliyechoka, wakamwambia kwamba sasa imebaki figo lake. Na kuuza ni haramu, mnunuzi na muuzaji na dalali wote pamoja.

Na mwisho, wapimeni watu sukari na presha mapema, na muache kumeza ovyo dawa za maumivu za madukani, kwani nazo huharibu mafigo. Chai iliyojaa sukari mara nne kwa siku, na halua juu yake, si utamaduni wa kujivunia ikiwa mwisho wake ni kitanda cha mashine.

Enyi ndugu zetu, imepokewa kwetu ya kuwa siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamuuliza mja wake kwa nini hakumzuru alipokuwa mgonjwa, na mja atastaajabu, akaambiwa kwamba lau angalimzuru mja fulani aliyekuwa mgonjwa, angalimkuta Mola wake kwake. Basi fikirini: ikiwa mwenye kuzuru kwa dakika kumi hukuta jambo tukufu namna hiyo, ni lipi alilonalo yule akaaye pale miaka minne? Naye yuko mtaani mwenu. Jina lake mwalijua. Baada ya sala hii, kabla hamjakaa barazani, nendeni mkamuulize ameamkaje, na mmuulize siku gani katika wiki mumshikie zamu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape nguvu wenye kuwauguza, uwalipe wasiyoyatarajia, na uzitoe nyoyo zetu katika usingizi. Amin.